Mama Telekisi anajibu: chumba cha Pentagon, simu nyekundu na saa za ukutani

Kwa msomaji mpya: mimi ni mama wa hapa Lubumbashi. Kuanzia 1974 hadi 1993 nilikaa mbele ya mashine ya telekisi (unaandika hapa, waya unapeleka, na karatasi inatoka kwa mwenzako aliye mbali) katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Kampuni haipo tena, limebaki jengo, na mabati ya jengo nayo yamekwisha kuuzwa. Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu kituo cha taifa cha amri ya kijeshi cha Marekani, kile kilichomo ndani ya Pentagon, jengo la wizara yao ya ulinzi. Nilidhani hakuna atakayejali. Barua zimetoka kama kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza, basi leo ukurasa mzima ni wa jambo hilo. Swali la mahari la yule dada wa Ruashi litangoja.

Mama, jambo yako. Katika filamu naona chumba chenye giza, skrini kubwa, jenerali anapiga meza, halafu anabonyeza kitufe chekundu. Ndivyo inavyokuwa kweli? (Kijana wa Kenya)

Jambo, mwanangu. (Wasomaji wa Mombasa msichanganyikiwe, hii Kenya yake ni komini yetu hapa mjini.) Skrini zipo. Kitufe hakipo, na huyo jenerali anayepiga meza hana ruhusa ya kuamua hilo unalolifikiria.

Kituo kilianza kazi 1962, enzi za Rais Kennedy. Kinaendeshwa na idara ya operesheni ya makao ya wakuu wa majeshi, ile wanayoiita J-3. Usiku na mchana, Krismasi na Pasaka, yumo afisa mkuu wa zamu, jenerali au admirali wa nyota moja. Chini yake yuko kanali, au mwenye cheo kama hicho upande wa majini, halafu timu nzima ya watu wanaosoma kinachoingia: ndege imepotea, nchi fulani imepinduliwa, ubalozi umezingirwa, kombora limerushwa kwa majaribio baharini. Wachache wao kazi yao ni ujumbe wa dharura peke yake, na siku nyingi hawana ujumbe hata mmoja. Wanakaa, wanajaribu mitambo, wanaandika kwenye kaye, yaani daftari la zamu, wanakabidhi zamu. Mimi niliyefanya posti ya usiku miaka kumi na tisa nawaelewa vizuri. Adui wa kwanza wa chumba kama hicho ni usingizi wa saa kumi za alfajiri.

Amri haitoki pale, inapita pale. Kwa sheria yao ya 1986 amri hutoka kwa rais kwenda kwa waziri wa ulinzi, na kutoka kwa waziri inakwenda moja kwa moja kwa makamanda wakuu wa maeneo. Yule anayeshughulikia Afrika ofisi yake iko Stuttgart, Ujerumani. Mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, yule mwenye nyota nne mnayemwona kwenye televisheni, ni mshauri. Amri inaweza kupitia mikononi mwake kama barua inavyopitia mikononi mwa mtu wa posta, lakini barua si yake.

Kwa silaha za nyuklia anayeamua ni rais peke yake. (Na msiseme mambo hayo hayatuhusu. Urani nyingi iliyotumika kutengenezea mabomu ya 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, hapo jirani na Likasi.) Rais ana kadi ya misimbo, wenyewe wanaiita biskuti. Akipiga simu, afisa wa Pentagon anamtajia herufi, naye anajibu kwa zile zilizo kwenye kadi yake. Sisi wa telekisi tulikuwa na kitufe cha kazi hiyo hiyo, maana yake "nani wewe?". Ukipata laini ya Kolwezi, kabla hujaandika neno, unakibonyeza, na mashine ya kule inataja jina lake yenyewe hata kama mwenye zamu amekwenda kunywa chai. Bila jina, huandiki. Jumamosi tarehe 13 Mei 1978 nilipiga Kolwezi mara nne, nikauliza "nani wewe", kimya. Sikujua kwamba waasi wamekwisha kuingia mjini. Nilijua tu kwamba mashine haitaji jina lake, na nilipomwambia shefu alikunja gazeti, akavaa koti, akaenda nyumbani kwa watoto wake.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ngozi yangu husisimka. Herufi zile zinathibitisha kwamba anayesema ndiye rais. Hazithibitishi kwamba amri yake ina akili.

Mama Telekisi, ile simu nyekundu ya Washington na Moscow iko katika chumba hicho? Ikilia, nani anaipokea? (Fundi wa simu, Kamalondo)

Jambo, kaka. Simu nyekundu haijawahi kuwepo. Haikuwa nyekundu, wala haikuwa simu. Ilikuwa telekisi! Mnaona sasa kwa nini habari hii inanikaa moyoni.

Oktoba 1962 makombora ya Kisovieti yalikuwa Kuba na dunia nzima imeshika roho mkononi. Barua moja ya Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, ilichukua karibu saa 12 mpaka ipokelewe na kufasiriwa Washington. Balozi wake kule, Dobrynin, alisimulia baadaye jinsi yeye alivyotuma ujumbe wake wa siri: walikuwa wanaita kampuni ya telegramu, Western Union, na kampuni inamtuma kijana wa baiskeli. Vita vya nyuklia viko mlangoni, na watu wa ubalozi wanaomba Mungu kijana asisimame njiani kuongea na msichana!

Baada ya hofu ile walitia saini mapatano Geneva, 20 Juni 1963, na laini ikafunguliwa 30 Agosti mwaka huo huo. Upande wa Marekani waya uliishia katika kituo hiki hiki cha Pentagon. Warusi walileta mashine zenye herufi zao, Wamarekani wakapeleka za kwao Moscow. Waya ulipita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki, na redio ya akiba ikapitia Tangier kule Moroko. Kila upande unaandika kwa lugha yake, na kufasiri ni shauri la anayepokea. Waliona mbali. Kwenye simu mtu anapandisha sauti, mkalimani anababaika, neno likitoka halirudi. Karatasi unaisoma, unaiweka mezani, unakunywa maji, unaisoma tena.

Ujumbe wa kwanza wa kujaribia ulikuwa sentensi ya Kiingereza kuhusu mbweha anayeruka mgongo wa mbwa mvivu, pamoja na tarakimu zote. Haina habari yoyote, ila herufi zote za alfabeti zimo. Sisi hapa tulijaribia ya Kifaransa, "voyez le brick géant que j'examine près du wharf". Nimeiandika maelfu ya mara: tazama jahazi kubwa ninalolichunguza karibu na gati. Lubumbashi! Maji makubwa niliyoyaona mimi ni ya ziwa letu dogo la mjini. Wale wa Pentagon wanajaribu laini yao kila saa, Washington kwa saa za shufwa, Moscow kwa saa za witiri, na wakichoka na mbweha wanatumiana vipande vya vitabu.

Waya wenyewe ulikatika zaidi ya mara moja. Ufini mkulima aliulima pamoja na shamba lake, Denmark ukakatwa na buldoza. Hapa kwetu ungekatika kwa sababu nyingine, maana ndani yake kuna shaba na shaba ina wateja.

Mara ya kwanza ulipotumika kwa shida ya kweli ni 5 Juni 1967, Israeli na Waarabu wamekwisha kushikana. Waziri wa ulinzi McNamara alisimulia mwenyewe: afisa wa zamu alimpigia asubuhi, akamwambia kwamba Kosygin, waziri mkuu wa Usovieti, yuko kwenye mashine na anamtaka rais. McNamara alishangaa, kwa nini mimi niambiwe badala ya rais? Kwa sababu, mheshimiwa, mashine iko hapa Pentagon. Miaka karibu minne laini ipo, na waziri hajui inaishia wapi! Aliamuru iunganishwe haraka hadi Ikulu ya Marekani.

Zikaja setilaiti 1978, faksi 1986, na tangu 2008 wanatumia barua pepe. Nilipoisoma hiyo ya barua pepe nilihuzunika kidogo, kama mtu aliyesikia nyumba yao ya utotoni imebomolewa.

Mama, mimi ni dereva wa lori, njia ya Kasumbalesa. Taa ya mafuta ya gari langu inadanganya tangu mwaka jana. Na mashine za hao wakubwa zikidanganya? (Dereva, Kampemba)

Tata dereva, zimekwisha kudanganya, na waliokuwa zamu walitoka jasho.

Tarehe 9 Novemba 1979 skrini za kituo cha ulinzi wa anga kule Colorado, za Pentagon, na za kamandi ya ndege za mabomu Nebraska zilionyesha kwa pamoja makombora ya Kisovieti yanakuja kama mvua. Ndege za kivita zilipaa. Hata ile ndege ya kumchukua rais wakati wa vita ilipaa, rais hayumo. Kumbe mkanda wa mazoezi, wenye vita vya kuigiza, ulikuwa umeingizwa katika kompyuta iliyo kazini. Ilichukua kama dakika 6 kujua. Nao walijuaje? Kwa kupiga simu. Waliwauliza wenye rada na wenye setilaiti, mmoja mmoja: wewe kwako unaona nini? Kwetu hakuna kitu. Na wewe? Hakuna kitu.

Ya 3 Juni 1980 ndiyo iliyonigusa zaidi. Kompyuta ya Colorado ilikuwa inatuma ujumbe saa zote ili kujaribu laini tu, na ndani yake kuna mahali pa idadi ya makombora, pameandikwa sifuri. Chipu moja ikaharibika, na palipokuwa na 0 pakaanza kutokea 2. Makombora 2. Baada ya muda, 220. Skrini ya Nebraska inasema hivi, ya Pentagon inasema vile, na Colorado kwenyewe hawaoni hata moja. Marubani wa ndege za mabomu walikwisha kuwasha injini. Siku tatu baadaye ikarudia. Chipu yenyewe bei yake ilikuwa senti 46 za dola.

Aliyewahi kuandika telekisi hapo anaguna. Neno likiharibika njiani utalikisia: "shba" ni shaba, hakuna ubishi. Namba huwezi kuikisia. Na kwenye telekisi kulikuwa na ugonjwa wake: tarakimu na herufi zinatumia vitufe vile vile, kuna alama inayoiambia mashine sasa tunaingia kwenye tarakimu. Radi ikiila alama hiyo, 25 inatoka WT, na 220 inatoka WWP. Mvua za Novemba nilipokea WT nyingi! Ndiyo maana ilikuwa desturi, ukimaliza ujumbe unarudia namba zote chini kabisa, mstari wa peke yake. Anayepokea analinganisha juu na chini. Zikigombana, hapeleki karatasi kwa shefu, anauliza kwanza.

Upande wa Moscow nao waliponea chupuchupu. Usiku wa 26 Septemba 1983 Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu kwenye kituo cha setilaiti cha Serpukhov-15. Mtambo ukamwambia Marekani imerusha kombora, halafu jingine, mpaka matano. Taratibu zilimtaka atoe taarifa ya shambulio. Yeye akafikiri: nani anaanza vita vya kumaliza dunia kwa makombora matano? Akawaambia wakubwa wake ni hitilafu. Yalikuwa mwanga wa jua uliopiga juu ya mawingu.

Taa yako itengeneze lakini, baba. Usifanye Petrov na dizeli.

Mama mpendwa, kama wana vyote hivyo, ilikuwaje 11 Septemba 2001? (Mwalimu wa historia, Katuba)

Mwalimu, jibu liko wazi katika ripoti ya tume yao iliyotoka 2004, nami naifupisha kwa kuwa sura yenyewe ni ndefu.

Asubuhi ile afisa mkuu wa zamu alikuwa amemwachia mwenzake kiti kwa muda ili ahudhurie mkutano uliopangwa, na mwenzake huyo alikuwa ameanza karibuni tu kuruhusiwa kukikalia. Saa 3 na dakika 29 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, saa za kwao, kituo kilifungua mkutano wa simu wa dharura. Saa 3 na dakika 37 ndege ikapiga Pentagon yenyewe, upande wa magharibi. Moshi ulifika hadi chumbani na watu hawakuondoka kwenye viti. Mkutano wa simu uliofunguliwa upya dakika ile ile ya 37 uliendelea kwa muda wa zaidi ya saa nane.

Kwa hiyo ushujaa ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kwenye laini. Habari za ndege zilizotekwa zilikuwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na mamlaka hiyo haikuunganika: vifaa vilisumbua, namba za simu za siri zikatafutwa bila kupatikana. Kabla ya saa 4 na dakika 3, ile dakika ndege ya mwisho ilipoanguka Pennsylvania, waliokuwa kwenye mkutano waliuliza mara tatu kama mtu wa usafiri wa anga yupo. Hayupo. Alipounganishwa, saa 4 na dakika 17, alikuwa mtu asiyehusika na utekaji wa ndege, na asiye na njia ya kuwafikia wakubwa wake.

Jeshi lenye pesa kuliko yote duniani, na limekwama kwenye namba ya simu. Sikushangaa, mwalimu. Katika buro yetu daftari la namba lilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili lisitembee. Likabaki, ila kurasa zake zilitembea moja moja. Ukurasa wa Likasi niliukuta siku moja mtaani, umefungiwa karanga.

Na chumba chenyewe kikilipuliwa? (Mwanafunzi, Makomeno)

Kuna cha akiba ndani ya mlima, Raven Rock, Pennsylvania, karibu na mpaka wa Maryland, kilichochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kuna cha angani pia: ndege 4 za E-4B, ambazo ni Boeing 747 zilizogeuzwa, makazi yao Nebraska, na moja huwa tayari kuruka. Kuanzia 3 Februari 1961 hadi 24 Julai 1990 Wamarekani hawakukosa hata saa moja ndege ya amri iliyo hewani na jenerali ndani yake. Miaka 29! Mmoja akitua, mwenzake amekwisha kupaa. Sipendi hesabu za vita, lakini kwa upande wa kukabidhi zamu navua kitambaa changu kichwani.

Mbona hutuambii ya Kinshasa? (Msomaji asiyetaka jina)

Wewe hutaki jina, mimi je, niliyeweka langu juu ya ukurasa? Nitakupa kilichoandikwa wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 83, inasema Rais wa Jamhuri ndiye kamanda mkuu wa majeshi, naye anaongoza Baraza Kuu la Ulinzi. Chumba chao kiko wapi na kina viti vingapi, hayo si ya ukurasa wa maswali.

Mama, Novemba 1964 nilikuwa kijana Kamina. Tuliona ndege nyingi za Marekani zinatua na askari weupe wa miavuli. Wakakaa tu, hawaendi popote. Walikuwa wanangoja nini? (Mzee wa Kamina, sasa Lubumbashi)

Mzee wangu, aksanti kwa barua hii, nimeisoma mara tatu. Walikuwa wanangoja neno moja.

Askari wale walikuwa Wabelgiji, ndege za C-130 za Wamarekani. Walitoka Ubelgiji, wakatua kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, wakafika kwenu Kamina tarehe 22 Novemba. Waasi wa Simba walikuwa wanashikilia mateka wengi wa kigeni Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Kila kitu kilikuwa tayari, lakini kanali aliyekuwa Kamina hakuwa na ruhusa ya kuruka. Washington na Brussels zilipaswa kukubaliana kwanza, kisha neno la siri walilolipanga mapema litumwe kwa redio mpaka Katanga. Nawaza wale waendesha redio wa Kamina usiku ule, sikio limebanwa na chuma, nje chura, ndani makelele ya hewa, wanangoja neno ambalo likisomeka vibaya watu mia kadhaa watapaa au watalala.

Neno lilikuja tarehe 23. Alfajiri ya 24 askari zaidi ya 300 waliruka juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville. Mateka wengi waliokolewa. Wengine walipigwa risasi barabarani asubuhi hiyo hiyo, askari wakiwa bado njiani kutoka uwanjani. Na Wakongomani waliokufa katika vita vile ni wengi kuliko wageni wote waliotajwa kwenye magazeti ya siku ile.

Mzee, kama bado unakumbuka zilikuwa ndege ngapi, na nani aliwapikia, niandikie tena.

Mama, kwenye picha za vyumba hivyo ukutani kuna saa nyingi, kila moja na wakati wake. Za nini? (Binti wa sekondari, Bel-Air)

Za kuwakumbusha kwamba dunia haiamki kwa pamoja. Moja inaonyesha Washington, nyingine Moscow, nyingine mahali penye vita mwaka huo. Ila kwenye ujumbe wanaandika saa moja tu, ya Greenwich, na mwishoni mwake wanaweka herufi Z, wanaitamka "Zulu". Kila eneo la saa lina herufi yake. Kinshasa iko mbele ya Greenwich saa moja, herufi yake A. Sisi Lubumbashi saa mbili, herufi B. Yaani hata ndani ya nchi yetu peke yake hatukubaliani ni saa ngapi.

Na hapa kuna ugonjwa mwingine usioujua Mmarekani. Mwaka 1981 nilipokea telekisi kutoka Kinshasa: mgeni wa kampuni anafika Luano, uwanja wetu wa ndege, kesho, 8h. Hapakuandikwa saa ya nani, nami sikuuliza. Nilitoka kwenye korido nikamwambia dereva wetu kwa mdomo: mgeni, saa nane. Hapa mjini tumezoea kuhesabu kama Wafaransa, saa nane ni asubuhi, watoto wamekwisha kuingia shuleni. Lakini dereva wetu alikuwa mtu wa Kalemie, na kwa mtu wa Kalemie saa nane ni mchana, watu wamekwisha kula bukari, yaani ugali.

Ndege ilitua saa nane ya Kinshasa, ambayo kwetu ni saa tisa ya Kifaransa, saa tatu ya Kalemie. Dereva alifika Luano mchana, kwa wakati wake barabara, shati limepigwa pasi. Mgeni alikuwa amekalia sanduku lake kwa saa tano, koti la Kinshasa mwilini, jua la Oktoba kichwani.

Alikuwa mkaguzi wa hesabu. Alipoingia buroni hakusalimia. Aliomba kaye ya zamu, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa siku iliyotangulia, akauliza sahihi hii ni ya nani.